Gagulo la dukani lilinitoa jasho kanisani, mwaka huu nimeshona mwenyewe

Jumatatu kuna mama kanifuata inboksi, "dada, hizi shimizi za watoto siku hizi zinapatikana wapi? Binti yangu ana komunyo wiki mbili zijazo na gauni lake linanasa miguuni." Nikacheka, halafu nikanyamaza, maana mwaka jana mama huyo nilikuwa mimi.

Niliingia duka moja Kariakoo nikanunua gauni jeupe la komunyo lenye gagulo lake humohumo ndani, ile sketi ya ndani ya kulitunisha, neti juu ya neti, limetuna kama keki. Nikajiona mjanja, sikuligeuza hata mara moja nione ndani kuna nini. Basi misa haijafika hata kwenye Utukufu mtoto kaanza kujikuna, mkono mmoja umeshika mshumaa mwingine unahangaika kiunoni, namkonyeza atulie, anatulia sekunde tatu anaanza tena. Wenzake wamesimama kama malaika. Hata picha ya kupokea, mpiga picha kamnasa anajikuna! Kufika nyumbani kubadilisha nguo, kiuno kina mstari mwekundu mzima, kumbe ile neti ilishonewa moja kwa moja kwenye lastiki na ncha zake zimemchoma masaa yote yale. Sebuleni wageni wamejaa, wifi yangu akasema kwa sauti, "Fundi wa nguo za watu, mtoto wake anamvalisha za dukani." Kauli hiyo mpaka leo naisikia nikikanyaga cherehani.

Sasa mwaka huu ilikuwa zamu ya mdogo wake. Nikampigia mama yangu Moshi, akanicheka weee. Akasema yeye shimizi yake ya utotoni bibi aliishona kwa mfuko wa unga wa ngano, mwanzoni mwa miaka ya 1980 vitambaa vilipoadimika madukani, na maandishi ya kiwandani hayakutoka kabisa hata baada ya kufuliwa mara mia, akikimbia upepo ukipuliza watu wanasoma kilo ngapi. Lakini haikumkuna hata siku moja. Maana ilikuwa pamba.

Na hapo ndipo siri yote ilipo jamani, kinachogusa ngozi kiwe pamba. Bafta, popelini, au ile marekani yetu ambayo jina lake limebaki tangu karne ya 19 meli za Marekani zilipokuwa zinashusha kitambaa hicho Zanzibar. Neti ikae nje, tena chini, mbali na kiuno. Ukitaka shimizi ya mikanda ya mabegani kwa gauni lisilo na kiuno, soko la Karume hapa Dar kwenye mitumba zipo nzuri tu za pamba ila uwahi asubuhi na uvute lastiki kwanza, nyingi zimelegea.

Mimi nilishona gagulo la ghorofa tatu. Mtoto kiuno inchi 24, kutoka kiunoni hadi pindo la gauni inchi 23, kwa hiyo urefu wa gagulo ukawa inchi 21, lazima liwe fupi kuliko gauni kwa inchi mbili hivi lisije likachungulia. Ghorofa ya juu mzunguko inchi 38, ya kati 60, ya chini 100, popelini mita moja na nusu ikatosha. Hapo kwenye 100 ndipo nilipolia, nilipiga mshono mlegevu mmoja nikavuta uzi ili marinda yajikunje, nimefika karibu na mwisho uzi ukakatika pwaa, saa sita usiku. Wewe usifanye hivyo, gawa mzunguko robo nne, piga mistari miwili ya uzi, vuta robo moja moja. Lastiki inchi 22. Pindo la chini nikaacha vikunjo viwili vya kufumuliwa akirefuka. Neti nikaipachika juu ya ghorofa ya mwisho tu, ncha zote nimezifunika kwa riboni.

Kitambaa ukifue kabla hujakata, pamba inarudi. Narudia, fua kwanza.

Na likilegea usikimbilie kuongeza neti. Chemsha wanga wa muhogo uwe uji mwepesi kabisa, chovya gagulo, anika, lipige pasi likiwa na unyevu kidogo. Linasimama lenyewe.

Wamama wenzangu tuseme ukweli, tunahangaika na picha kuliko na mtoto. Tunalipia keki, ukumbi, MC, halafu kitu kitakachokaa mwilini mwake tangu asubuhi tunakinunua bila hata kukigeuza. Mimi nimo, nimekiri hapo juu. Fundi mzima! Ila wewe unayesoma huna kisingizio tena, pamba ipo, cherehani kama huna jirani anayo, na gagulo halihitaji digrii.

Jumapili iliyopita mtoto kakaa misa nzima mikono miwili kifuani, hakujigusa. Tulipotoka nje kabla hata hatujapiga picha wifi akaja akainua kaupindo kidogo, akapapasa ile popelini, akauliza kwa kunong'ona kama naweza kumshonea binti yake la Krismasi. Nimemwambia alete kitambaa, kiwe kimefuliwa. Bei nimempa ya wateja.