Zambarau nyekundu au nyeusi?

SWALI: Assalaam aleikum, Bwana Shamba. Hapa Wete kuna zambarau zinaletwa zikiwa bado nyekundu, muuzaji anasema zitaiva nyumbani. Nyingine ni nyeusi, vidogo, kokwa tupu. Mama yangu ana sukari na nataka kumpelekea zenye faida zaidi. Nichukue zipi?

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Chukua vile vidogo vyeusi.

Zambarau si embe wala ndizi. Ikishachumwa haiivi tena. Hiyo nyekundu italainika na kusinyaa, lakini utamu hauongezeki. Unachokitafuta ni anthosianini, ile rangi inayobaki ulimini na kuharibu kanzu. (Ifue kanzu kwa sabuni uone doa linavyogeuka bluu, lidondoshee ndimu, linarudi jekundu. Ndiyo hiyo.) Rangi hii hujijenga zaidi kwenye ganda, na hukolea siku za mwisho tunda likiwa bado mtini. Tanini, yenye kuleta ukakasi, huenda kinyume: nyingi kwenye mbichi, hupungua kadiri tunda linavyoiva. Nayo ina faida zake, lakini nani atakula bakuli zima la ukakasi?

Wapemba tunalijua hili kwa karafuu, ndugu yake mzambarau. Karafuu tunaiwahi kabla haijachanua, maana mafuta yake mengi yamo kwenye kile kitumba cha ua kilichofumba. Zambarau tunaisubiri mpaka iwe nyeusi ti.

Aina nayo ina lake. Tunda dogo lina ganda jingi kwa nyama kidogo. Zile kubwa, nyingine nyama yake ni nyeupe, rangi imeishia juu. Uma moja kabla hujalipa: ikiwa na rangi ya zambarau mpaka karibu na kokwa, nunua. Hata bluberi za Ulaya ni hivyo hivyo: za mwituni zina rangi mpaka ndani, zile kubwa za mashambani ndani nyeupe.

Kwa mama, kumbuka iliyoiva ndiyo yenye sukari zaidi, basi kiganja kimoja kinatosha, azile na ganda lake, siku hiyo hiyo. Usizichemshe, moto unaiua rangi. Unga wa kokwa unaosifiwa mitaani asitumie bila kumwambia daktari, kwani pamoja na dawa zake sukari inaweza kushuka kupita kiasi.