Nusu ya mbaazi kwenye presha kuka ya mama

Swali lenu la wiki hii linauliza: kifaa gani kipya kimebadilisha maisha ya nyumbani kwako, na nani amefaidika? Nimelisoma kwa sauti mbele ya mama, maana jibu ni lake kuliko langu.

Mama ana miaka 71 na tunaishi Ngamiani, Tanga. Presha ya macho imemla uoni pole pole kwa miaka tisa. Sasa anatambua mwanga na giza, basi. Lakini mpe simu yake ya kitochi umtajie namba yoyote, ataipiga bila kukosea. Kinachomwongoza ni kinundu kidogo kilicho juu ya kitufe cha 5. Kidole gumba kikishatua pale, anajua 2 iko juu, 8 iko chini, 4 na 6 ziko ubavuni. Kikokotoo cha dukani, chenye 7, 8 na 9 juu, humpoteza kabisa.

Mpangilio wa simu haukuangukia tu mezani. John Karlin, mwanasaikolojia mzaliwa wa Johannesburg, aliongoza watafiti wa Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu kule Marekani, ambao waliwapa watu vitufe vilivyopangwa kwa namna mbalimbali, wakapima nani anabonyeza haraka na nani anakosea. Kutokana na kazi hiyo 1, 2 na 3 zikakaa juu, na simu za vitufe zikaanza kutolewa kwa wateja huko mwaka 1963. Mama hajapata kulisikia jina la Karlin, ila kidole chake kinapita kila siku katika njia aliyoipima.

Njia hiyo hiyo imo kwenye mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla. Watu wengi huiona tokeni ya tarakimu 20 kama kero. Mimi naiona ni ubunifu mkubwa. Mita za aina ile hazina mawasiliano na shirika la umeme. Hakuna laini ya simu wala intaneti, na kinachofikisha habari kutoka kwa muuzaji hadi ndani ya mita ni kidole cha mteja. Ndiyo maana mfumo umeweza kufika mitaa ambayo isingefikiwa kwa gharama nyingine. Tarakimu huandikwa nne nne, na mtu anaweza kuzishika nne kichwani kwa muda wa kutosha kuzibonyeza hata kama hazioni. Mwanangu husoma, bibi yake hubonyeza.

Mnakumbuka mwaka 2024 tulipotakiwa kuingiza namba za ziada. Kila tokeni hubeba muda wake, uliohesabiwa kwa dakika tangu Januari 1, 1993, na nafasi ya hesabu ile ilitosha dakika milioni 16.7 hivi. Zilikuwa zinaishia Novemba 24, 2024. Kwa hiyo tulipewa namba mbili za kuiamsha mita upya kabla ya tokeni yenyewe, jumla tarakimu 60. Mtaani wapo waliomwita fundi. Mama alivuta kiti koridoni, akabonyeza zote 60 kwa mara moja, kisha akauliza kama kuna jirani anayehitaji kusaidiwa.

Ndipo nikaleta presha kuka ya umeme. Nilikuwa na nia njema. Mama hupika mbaazi za nazi za kuliwa na maandazi asubuhi, na mbaazi kavu kwenye mkaa ni shughuli ya saa nyingi: kupepea, kuongeza maji, kukohoa. Kwenye presha kuka mvuke hufungiwa ndani, maji yanapanda joto kupita nyuzi 100, mbaazi zinalainika ndani ya saa moja na umeme unaotumika haufiki uniti moja. Tena si lazima mtu asimame karibu na moto, jambo ambalo kwa mtu asiyeona ni kubwa mno.

Lakini uso wa kile chungu ulikuwa bapa, laini mwanzo hadi mwisho. Vitufe kumi na viwili vimechorwa, havikuinuliwa, na maandishi yake si ya Kiswahili. Mama alipitisha vidole mara tatu, akasema, "Mwanangu, hiki hakina mwili." Siku nne kilikaa juu ya kabati. Mama akarudi kwenye mkaa, nami nikaumia, kwa sababu nilikuwa nimemnunulia kitu kinachomhitaji mtu mwingine kila anapotaka kupika jikoni kwake mwenyewe.

Suluhisho alilitoa yeye. Aliomba gundi, akachukua mbaazi iliyopasuka, upande wake bapa ukaelekea chini, akaniambia niibandike pembeni ya kitufe cha maharage. Punje ya mchele ikakaa pembeni ya kitufe cha kuzima. Vingine kumi havimhusu. Tangu siku ile anapika peke yake.

Serikali imeweka mkakati kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Nauunga mkono kwa moyo wote, nimeona kifua cha mama kilivyopata nafuu. Ila anayepika katika nyumba nyingi ni mama au bibi, na macho huchoka kabla ya mikono. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu 2010. Shirika la Viwango likipima usalama wa waya na mfuniko, lipime pia kama mtu anaweza kukitafuta kitufe cha kuzima kwa kidole. Kinundu kimoja kiwandani kinagharimu nini?

Na ubunifu si plastiki tu. Menyu za simu nazo zina mwili, kwa anayezishika kichwani. Mama alikuwa ametuma pesa kwa miaka kwa kufuata namba alizozikariri, hadi mtandao mmoja ulipoongeza kipengele kipya juu ya orodha na vyote vikasogea chini. Akajikuta amenunua bando badala ya kumtumia dada yake nauli ya kwenda hospitali. Nauli ilichelewa siku nzima. Kilichotakiwa pale ni kuweka kipengele kipya mwishoni, namba za zamani zibaki mahali pake.

Sasa zinakuja mita janja, umeme ukinunuliwa unaingia wenyewe. Nilipomweleza mama alifurahi, kisha akauliza salio atalijuaje. Sikuwa na jibu. Kama mita itaweza kulitamka kwa Kiswahili, ataipokea kwa mikono miwili.

Punje ya mchele imeshabanduka mara mbili kwa kufutwafutwa na kitambaa. Gundi mama huiweka kwenye droo ya vijiko, na huibandika mwenyewe.