Kukimbiza au Kurusha: Usitafute Nusu kwa Nusu

Ndugu zangu walio huku Marekani, wakishaanza kuufuatilia mpira wa Kimarekani, huniuliza swali lilelile: timu nzuri ikimbize mpira (mchezaji aubebe na kukimbia nao) mara ngapi na irushe mara ngapi? Wanataka niwape mgawo. Mimi husaidia kufundisha timu ya vijana mtaani kwetu hapa Ohio, Jumamosi natazama vyuo na Jumapili NFL, ligi ya kulipwa, na mgawo huo nimeacha kuutafuta. Tazama kama wanaozuia wanaogopa vyote viwili.

Chukua Baltimore Ravens wa msimu wa 2019. Walikimbiza mpira yadi 3,296, rekodi ya NFL kwa msimu mmoja. Ukiishia hapo utadhani kurusha hawakujua, lakini kwotabeki wao, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, Lamar Jackson, ndiye aliyeongoza ligi nzima kwa pasi za tachidauni, yaani zinazozaa bao: 36. Beki akisogea mbele kuzuia mbio, mpira unapita juu ya kichwa chake. Kisha Januari 2020 wakakutana na Tennessee Titans kwenye mtoano, wakaachwa nyuma mapema, na Jackson akajikuta amerusha mara 59. Walifungwa 28 kwa 12. Ukiwa nyuma, saa ndiyo inayokuchagulia mchezo.

Kwa sababu hiyo, usisome jumla ya mechi nzima ukadhani umeelewa. Timu inayoongoza hukimbiza mpira mwishoni ili saa iendelee kutembea, maana pasi isiyodakwa huisimamisha. Basi ukiona mshindi amekimbiza mara nyingi, huenda ushindi ndio ulioleta mbio, wala si mbio zilizoleta ushindi. Mimi hutazama kipindi cha kwanza tu, na hasa jaribio la kwanza kati ya manne ambayo timu hupewa kusonga yadi 10, wakati kocha bado ana uhuru wa kuchagua.

Takwimu za vyuo zina mtego mwingine. Kwotabeki wa chuo akiangushwa kabla hajarusha, yadi alizopoteza hukatwa kwenye hesabu ya mbio; NFL huzikata kwenye hesabu ya pasi. Timu ya chuo yenye mkimbiaji hodari inaweza kuonekana dhaifu kwa kukimbiza, kumbe tatizo ni ulinzi wa kwotabeki. Usilinganishe namba za Jumamosi na za Jumapili bila kulikumbuka hili.

Uwanja wenyewe nao hauko sawa, ingawa upana ni uleule wa futi 160. Mistari midogo ya katikati inayoamua mpira uanzie wapi imeachana futi 40 vyuoni, lakini NFL ni futi 18 na nusu. Mpira wa chuo ukianzia pembeni, upande mmoja unabaki mpana sana, na mkimbiaji mwepesi anapata nafasi ya kuzunguka. NFL nafasi hiyo ni finyu, na mabeki wake wana kasi ya kuiziba. Tena vyuoni wachezaji wa safu ya mbele wanaomkinga kwotabeki wanaruhusiwa kusogea hadi yadi 3 mbele kabla pasi haijarushwa. NFL ni yadi 1 tu. Kwa hiyo kwotabeki wa chuo anaweza kuanza kama anayempa mwenzake mpira akimbie, akamsoma beki mmoja, halafu akarusha, na beki huyo hajui aende wapi.

Ndiyo maana Army, timu ya chuo cha jeshi la Marekani, waliweza kushinda mechi 12 msimu wa 2024 huku wakirusha kwa nadra. NFL ningeogopa kuujaribu mchezo huo. Philadelphia Eagles wa msimu huohuo walikuwa na Saquon Barkley, aliyekimbia yadi 2,005, lakini kwenye Super Bowl, fainali ya NFL, Kansas City Chiefs walimbana akapata 57 tu. Jalen Hurts akarusha, na Eagles wakashinda 40 kwa 22. Hiyo kwangu ndiyo timu yenye uwiano.

Kama unafundisha vijana, usiwarundikie mbinu za NFL walizoziona kwenye televisheni. Kwenye viwanja vya sekondari mistari ile hugawa uwanja mafungu matatu sawa, kwa hiyo upande mpana ni mpana kuliko hata wa chuo. Wafundishe mbio moja ya kwenda huko mpaka waijue vizuri, kisha pasi inayoanza kwa hatua zilezile. Kwetu hilo limesaidia kuliko daftari zima la michoro. Halafu mfundishe kwotabeki kuhesabu mabeki waliokaribia mpira. Wakiwa wanane, arushe. Wakiwa sita, mpira ukimbizwe. Wakiwa saba, amtazame yule wa upande mpana: akipiga tu hatua mbele, nafasi ya pasi iko nyuma yake.