Usimlipie baba kipimo cha vinasaba

Dada, umeuliza kama umlipie baba yako, mwenye miaka 71 na kisukari, kipimo cha vinasaba mjue kama Uviko-19 ingemlemea. Pesa hiyo usiitoe.

Utafiti wenyewe ni wa kweli. Mwaka 2020 wanasayansi Hugo Zeberg na Svante Pääbo walionyesha kuwa kipande cha kromosomu ya 3 (mojawapo ya nyuzi zinazobeba vinasaba), kilichorithiwa kutoka kwa Waneandathali, binadamu wa kale waliokwisha kutoweka, huongeza hatari ya kuugua sana. Asia Kusini karibu nusu ya watu wanacho. Afrika ni kama hakipo. Baba akiambiwa hana kipande hicho mtapumua, kumbe umri na sukari viko palepale!

Jeni, yaani vinasaba, zimesaidia kwingine. Uingereza, watafiti wa mradi wa vinasaba wa GenOMICC walichunguza wagonjwa mahututi wa Uviko-19, na jeni ya TYK2 ikawaelekeza kwenye barisitinibu, dawa ya baridi yabisi. Mwaka 2022 jaribio la dawa liitwalo RECOVERY likaonyesha inapunguza vifo vya waliolazwa kwa takriban 13%. Na hawakuhitaji kupimwa jeni kwanza.

Mnunulie stripu za glukomita (mashine ya kupima sukari) na kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni. Mimi mama yangu nampima sukari kabla ya chai, naandika kwenye kalenda ya ukutani. Chanjo nayo, muulizeni daktari wake wiki hii.