Shanga Zinazodondoka na Ukurasa wa Falsafa

SWALI: Assalaam aleikum, Mwalimu. Mimi ni binti wa Kinubi, kwetu Bombo. Nafanya picha za vifaa mchanganyiko: msingi wake ni lubugo, kile kitambaa cha gome la mti, juu yake nabandika vipande vya vifuniko vya chakula vya kufuma alivyoviacha marehemu bibi yangu, halafu shanga za karatasi ninazokunja kutoka kwenye kalenda kuukuu, mwisho napaka akriliki. Nina matatizo mawili. La kwanza, baada ya miezi michache lubugo hujikunja kingoni na shanga zinadondoka. La pili, jumba moja la maonyesho Kampala limenitaka niandike ukurasa mmoja kuhusu falsafa yangu ya ubunifu na walioniathiri. Niliandika kwamba kazi yangu inachunguza utambulisho, kumbukumbu na mahusiano ya kale na leo, nikawataja Picasso na El Anatsui. Wamenirudishia, wanasema hawanioni humo ndani. Nianze kurekebisha lipi?

JIBU: Wa aleikum salaam, binti yangu. Anza na shanga. Ukishajua kwa nini zinadondoka, ule ukurasa utakuwa umefika nusu.

Hukuniambia unatumia gundi gani, lakini nakisia ni ile nyeupe ya maseremala, na pale penye uzito unaongeza gundi ya viatu. Wengi tulianzia hapo. Kazi yangu ya kwanza kununuliwa ilitundikwa kwenye mapokezi ya hoteli moja. Masika yalipoingia nikapigiwa simu niende nikaokote sehemu yake sakafuni, na mhudumu alikuwa ameshazifagia shanga zangu kwenye kizoleo. Nililaumu hoteli, nikalaumu mvua. Kosa lilikuwa langu.

Lubugo ni gome la ndani la mti wa mutuba, linalobanduliwa msimu wa mvua kisha kupondwa kwa nyundo za mbao zenye mifuo, kuanzia mipana hadi myembamba, mpaka linyambuke na kulainika. Halina uzi wa kushuka wala wa kukatiza kama kitambaa cha kufuma. Ni nyuzi zilizoshikana kwa kupigwa. Hewa ikiwa na unyevu hulegea na kutanuka, ikikauka hujivuta. Wewe unaweka juu yake ngozi nene ya akriliki, ambayo haifuati mwendo huo, tena upande mmoja tu. Upande wa nyuma unacheza, wa mbele umebanwa. Lazima kingo zijikunje. Shanga nayo imeshikwa kwa tone dogo la gundi juu ya manyoya ya gome. Inapoanguka, itazame chini yake: utakuta gundi bado imeng'ang'ania na imeondoka na nyuzi. Gundi haikushindwa, ila imeng'oa ngozi ya lubugo.

Kwa hiyo uzito wote ushone. Nunua amerikani nzito, ifue kwa maji ya moto ili isinywee baadaye, ikaushe, iwe mgongo wa kazi. Lubugo iishike amerikani kwa mishono mirefu iliyolegea, upande wa juu na katikati, huku kingo za pembeni na chini ukiziacha huru. Kila shanga au fungu la shanga lipite kwa sindano hadi kwenye amerikani, ili mzigo ubebwe na pamba. Tumia uzi wa pamba wa cherehani mzito au wa poliesta, uupitishe kwenye nta kwanza. Uzi wa kuvulia samaki usiuguse, unateleza kwenye fundo na unakata gome kama wembe. Vanishi ya shanga iwe imekauka kabisa kabla hujashona, vinginevyo lubugo itakunywa mafuta na kubaki na madoa yasiyotoka.

Rangi ipunguze. Akriliki iliyoyeyushwa kwa maji hadi iwe nyepesi kama chai ya rangi inaingia kwenye nyuzi na kukuachia ule wekundu wa udongo, ambao ni nusu ya uzuri wa lubugo. Sijui kwa nini watu hununua gome lililopondwa kutwa nzima halafu wakalifunika kama ukuta wa duka.

Karatasi nyepesi, ambazo hazina uzito, zibandike kwa uji wa wanga wa ngano uliopikwa hadi ung'ae, ukachujwa. Kesho ukikosea, unyevu kidogo utaibandua bila kuchana. Gundi nyeupe ikishakauka haikusamehi. Wanga una adui mkubwa, mende, basi usihifadhi kazi chini ya kitanda wala jikoni. Karatasi za gazeti zitageuka njano kwa sababu ya lignini, ile sehemu ya mti inayoupa ugumu, iliyobaki kwenye karatasi duni. Kama ile njano hutaki, tumia karatasi za kalenda peke yake. Na vile vipande vya bibi vijaribu kwa pamba nyeupe yenye maji: bonyeza rangi nyekundu na ya zambarau kwa dakika moja. Pamba ikichafuka, kipande hicho kikae mbali na kitu chochote cha maji.

Sasa tuje kwenye huo ukurasa. Vichukue vile vifuniko vya bibi uvigeuze. Utaona kila mzunguko umeshonewa kwenye ule uliotangulia, sindano kwa sindano, na hakuna tone la gundi. Ulikuwa na mwalimu nyumbani, ukaenda kumtaja Picasso.

Simdharau Picasso. Mwaka 1912 alibandika kwenye picha kitambaa cha mafuta kilichochapwa mfano wa kiti cha kusukwa, akaizungushia kamba badala ya fremu. Kabla ya hapo, mchoraji wa Ulaya alitarajiwa kukiiga kitu kwa rangi. Yeye alikiweka kitu chenyewe, tena kitu cha kiwandani kilichokuwa tayari kinaiga kitu kingine. Ukimtaja, sema umechukua nini katika jambo hilo. Vivyo hivyo El Anatsui wa Ghana, aliyeishi na kufanya kazi miaka mingi Nsukka, Nigeria: vifuniko vyake vya chupa vimeunganishwa kwa waya wa shaba, hakuna gundi, ndiyo maana kila anayetundika anaweza kuikunja kazi upya. Je, hilo ndilo ulilojifunza kwake, au ulivutiwa na mng'aro tu? Mng'aro si dhambi, lakini uuseme.

Na kama unatafuta mtu wa karibu, mtazame msanii aitwaye Sanaa Gateja, mzaliwa wa Kisoro. Shanga za karatasi zilizotupwa zikashonwa juu ya lubugo, ndiyo kazi aliyoishi nayo miongo, na mwaka 2024 alikuwa miongoni mwa walioiwakilisha Uganda kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia. Miaka miwili kabla yake, Acaye Kerunen alikuwa huko huko pamoja na Collin Sekajugo, yeye na kazi za nyuzi na ufumaji unaotoka mikononi mwa wanawake. Mwenye jumba anawajua wote hao. Akiona shanga juu ya lubugo na jina la Gateja halipo, atajiuliza kama hujui au unaficha. Mtaje, kisha uonyeshe njia yako inapoachana na yake. Mimi naona inaachana kwenye vifuniko vya bibi: vilikuwa vyombo vya nyumba, vimefunika chakula cha watu wenye majina, na wewe umevikata. Kwa nini umevikata? Ulikata vilivyochanika au vizima? Mama yako alisema nini? Majibu ya hayo ndiyo falsafa yako, hata kama hayana neno moja la kitabuni.

Mabishano kuhusu kuathiriwa ni ya zamani hapa kwetu. Margaret Trowell alipoanza kufundisha sanaa Makerere mwaka 1937, alitaka wanafunzi wachote kwenye hadithi, mandhari na kazi za mikono za kwao, na aliogopa kuwamwagia michoro ya Ulaya. Cecil Todd aliyemfuata mwishoni mwa miaka ya 1950 aliona huko ni kuwafungia, akaleta historia ya sanaa ya dunia darasani. Walimu wangu waligawanyika juu ya hilo mpaka kwenye chai. Kwangu mimi Todd alikuwa sahihi kuhusu darasa, na Trowell alikuwa sahihi kuhusu mkono. Soma kila kitu, lakini ukiandika ulipotoka, andika kile ambacho mkono wako unakifanya hata usipofikiri.

Kuna jambo moja ambalo ungelikuwa mwanangu wa damu ningelikaa nawe kulizungumza. Lubugo kwa Baganda ni vazi la kutawazwa na la kuzikiwa, na ufundi wake ni wa ukoo wa Ngonge. UNESCO iliutambua mwaka 2005, lakini heshima yake ilikuwepo kabla. Wapo wazee wasiopenda kuona gome la sanda limetobolewa na kupakwa rangi ukutani. Wewe si Muganda, ingawa umezaliwa ndani ya Buganda. Sikukatazi. Ila nenda kwa anayekuuzia, ukae kwenye banda lake anapoponda, umweleze unachofanya, na usikilize. Utamwona pia akishona kiraka kwenye tundu la gome, kwa mkono, kiraka cha gome juu ya gome. Kama kuna babu wa hiki tunachokiita vifaa mchanganyiko, kwangu mimi ni kile kiraka.

Ukurasa wenyewe usizidi maneno mia tatu. Futa "inachunguza", futa "utambulisho". Anza na kitendo. Kwa mfano: "Nashona, sibandiki. Bibi yangu alifuma vifuniko Bombo bila gundi, na vilivyochanika nimevishonea kwenye lubugo." Hayo ni maneno yangu, usiyanakili, ila pima uzito wake ukilinganisha na ulichopeleka mwanzo. Bila shaka itabidi uwe umeshaanza kushona kweli kabla hujaandika hivyo.

Nitumie nakala ya pili kabla hujaipeleka kwao. Na picha ya kazi moja mpya ukiwa umeishonea amerikani. Nipigie ya mgongoni, ya mbele nitaiona kwenye maonyesho.