Madoa meupe yaliisha, mbona yamerudi?

SWALI: Daktari, nina tangi la samaki la lita 80 lenye gapi, tetra na kambale wadogo aina ya koridora. Majuzi niliingiza tetra sita wapya. Baada ya siku chache wakatokwa na madoa meupe kama chembe za chumvi, wakawa wanajisugua kwenye mawe. Nilitia dawa yenye kijani cha malakaiti, siku ya tatu madoa yakatoweka, nikaacha. Sasa yamerudi mengi kuliko mwanzo na gapi wawili wamekufa. Je, dawa ni mbovu, au niongeze kipimo?

JIBU: Pole sana kwa gapi wako. Usiongeze kipimo, na usiilaumu dawa kwanza. Madoa yalipotoweka samaki hawakuwa wamepona. Kimelea kilikuwa kimehama tu.

Kwa maelezo yako, huu ni ugonjwa wa madoa meupe, uletwao na kimelea Ichthyophthirius multifiliis. Kila doa unaloliona ni kimelea kimoja kilichojichimbia chini ya ngozi ya samaki, na kikiwa humo dawa haikifikii. Kikishiba hudondoka, hujigandisha kwenye changarawe au majani, hujifunika ganda, kisha hugawanyika ndani yake na kutoa wana mamia, hata kufikia elfu moja. Wana hao huogelea kutafuta samaki, na wasipompata ndani ya siku mbili hivi hufa. Ni katika kuogelea huko tu ndiko dawa inakoweza kuwaua. Wewe uliacha dawa wakati wakubwa wamedondoka na wana hawajatoka.

Hivyo anza upya, safari hii bila kukatisha. Toa mkaa kwenye kichujio, maana hunyonya dawa. Pandisha joto la maji polepole, nyuzi moja kila baada ya saa kadhaa, hadi nyuzi 28. Joto peke yake halimuui mdudu huyu hapo. Linaharakisha mzunguko wake ili afike mapema mahali dawa inapompata. Kwenye maji baridi mzunguko huo huchukua wiki kadhaa, kwenye nyuzi 25 ni siku chache tu. Lakini maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, kwa hiyo pampu ya hewa ifanye kazi usiku na mchana.

Kipimo kifuate maandishi ya chupa, ila pima maji halisi: urefu mara upana mara kina cha maji kwa sentimita, gawanya kwa 1,000. Ukiondoa nafasi ya changarawe na mawe, tangi linaloitwa la lita 80 mara nyingi halibebi lita 80. Koridora hawana magamba ya kawaida na huumizwa upesi na malakaiti. Chupa ikitaja nusu kipimo kwa kambale, tumia nusu. Usichanganye na dawa nyingine.

Kabla ya kila dozi fyonza uchafu wa chini na ubadilishe robo ya maji, ukitumia maji yaliyoondolewa klorini na yenye joto lilelile. Endelea wiki mbili, na zisipungue siku saba tangu doa la mwisho lionekane. Najua inachosha kumtibu samaki anayeonekana mzima. Hapo ndipo wengi wanapoteleza, na inaniuma kwa sababu ugonjwa huu unatibika kabisa.

Pima pia amonia na nitriti, sumu zinazotokana na uchafu wa samaki. Vyote viwe sifuri. Sifongo ya kichujio isuuze kwa maji ya tangi, kamwe si ya bomba, kwani klorini huua bakteria wanaosafisha maji yako. Tetra wapya wa baadaye wakae tangi la pembeni wiki nne, wakiwa na neti yao wenyewe.

Ukimwona samaki anahema juu ya maji ilhali ngozi yake ni safi, usisubiri doa: huenda vimelea vimejaa kwenye matamvua anayopumulia, mahali usipoweza kuviona. Zidisha hewa, pima amonia saa hiyohiyo, na dozi ya siku hiyo usiiruke.