Kutoka Kigoma hadi Guangzhou: pima umbali, lakini zaidi hesabu saa

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mwanga anayeuza vipuri vya injini za boti aliniandikia akiuliza kutoka hapa Kigoma hadi Guangzhou, kule China, ni umbali gani kwa ndege, na safari huchukua muda gani. Mdogo wangu, umbali ndio jambo jepesi. Ukiupima moja kwa moja angani unapata takriban kilomita 9,600. Ukipitia Dar es Salaam, ni kama kilomita 1,080 hadi Dar na 8,700 kutoka hapo, kwa hiyo nyongeza ni kilomita 200 hivi tu. Ukipitia na Addis Ababa, jumla hukaribia 10,900. Anayedai kwamba sisi wa Kigoma tunachelewa kwa sababu ya kuzunguka hajatazama ramani, maana kinachotula muda ni kusubiri.

Ndege kubwa huenda karibu kilomita 900 kwa saa, hivyo isiyotua njiani hutumia saa 10 hadi 11 kutoka Dar. Ikiruka saa nne usiku, utatua mnamo saa nane mchana kwa saa za huko, kwa kuwa China imetutangulia kwa saa tano.

Sasa nifike kwenye linaloniuma. Shemeji yangu aliuziwa tiketi iliyoandikwa 00:30, siku ya Ijumaa, na wakala, ambaye sitamtaja, akamwambia kwa mdomo kwamba ndege ni Ijumaa usiku. Saa sita na nusu hiyo ilikuwa ya usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani alitakiwa kuwa uwanjani Alhamisi jioni. Alipofika Ijumaa na mabegi yake, ndege ilikuwa imeshaondoka tangu usiku uliotangulia, na fedha za mtaji alizozikusanya kwa kuuza vitenge zikaishia kwenye tiketi nyingine. Tangu hapo kila tiketi ya ndugu zangu naisoma mimi mwenyewe, na nasema kwa fahari kwamba hakuna aliyeachwa tena.

Kwa hiyo soma tiketi yako mwenyewe. Ona tarehe, ona saa, kisha uliza ni usiku wa kuamkia siku gani. Ikiwa ya Kigoma na ya Guangzhou ni tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali, lala Dar usiku mmoja, kwa sababu ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halilazimiki kukungoja wala kukurudishia fedha. Gharama ya kulala ni ndogo kuliko nauli mpya, na mfanyabiashara anayekataa kuilipa anacheza na mtaji wake.

Wakati wa kurudi, saa zile tano unazipata tena, hivyo kwenye tiketi safari itaonekana fupi. Usidanganyike: upepo wa juu kule huvuma kutoka magharibi, hasa miezi yao ya baridi, na ndege ikienda kinyume nao hukaa angani muda mrefu zaidi kuliko ilipokwenda. Ndege ya kukuleta Kigoma ipange kesho yake.